Nyama ya baga na lishe yake: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mbeya

Natengeneza pati za nyama ya ng'ombe. Nyingi zinaishia kwenye vibanda vya chipsi vya Mwanjelwa na Kabwe, chache wananunua akina mama wa kuziweka kwenye friji nyumbani. Kila siku dirishani kwangu kuna mtu anayeuliza jambo kuhusu lishe: mmoja anaogopa mafuta, mwingine ameambiwa na daktari aongeze damu, mwingine mtoto wake anakataa kula. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia, na majibu nimeyaandika kama ninavyowajibu wateja wangu.

Pati ni nini hasa?

Ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa ikawa duara bapa, ikakaangwa au kuchomwa, ikawekwa katikati ya mkate. Aliyekula katlesi au kababu ameshakutana na ndugu yake. Pati ninayoiita ya kweli ina nyama ya ng'ombe, mafuta yake kidogo, chumvi na pilipili manga. Ukikuta orodha ya vitu kumi na viwili, hapo unauziwa kitu kingine.

Ina lishe kiasi gani?

Chukua pati ya gramu 113 ikiwa mbichi, yenye mafuta asilimia 20. Ikiiva inabaki kama gramu 85. Katika hizo gramu 85 kuna takriban kalori 230, protini gramu 22, mafuta gramu 15 (karibu gramu 6 ni yale yanayoganda), madini ya chuma miligramu 2, zinki miligramu 5 na vitamini B12 mikrogramu 2 na kidogo. Lehemu (kolesteroli) ni kama miligramu 77. Wanga hakuna, nyuzinyuzi hakuna, vitamini C hakuna.

Yai moja lina protini kama gramu 6, kwa hiyo pati moja inakaribia mayai manne. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini ya gramu 48 hivi kwa siku, na hapo ameshapata karibu nusu. Vitamini B12 mahitaji yake ni mikrogramu 2.4 kwa siku, maana yake pati moja karibu inayamaliza. Vitamini hiyo huipati kwenye mahindi, maharage wala viazi, hata ule gunia zima. Inatoka kwenye vyakula vya wanyama: nyama, maziwa, mayai, samaki.

Mbona ikiiva inanywea? Mnatuibia?

Hapana, na swali hili nalipenda kwa sababu nililipima mwenyewe. Julai, baridi ya Mbeya ikiwa inashika meno, nilikaanga pati ya gramu 120 mizani ikiwa pembeni. Nilipoiepua ilikuwa gramu 88. Kilichobaki kikaangoni nikakimimina kwenye kikombe cha bati, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, juu ya kikombe palikuwa pameganda utando mweupe kama nta ya mshumaa. Nikautoboa kwa kidole, chini yake nikakuta maji ya kahawia.

Kilichotoka, basi, ni maji na mafuta. Protini nyingi inabaki ndani ya nyama, ndiyo maana gramu 100 za pati iliyoiva zina protini nyingi kuliko gramu 100 za mbichi: kama 26 dhidi ya 17. Ukilinganisha pati mbili, hakikisha zote ni mbichi au zote zimeiva, la sivyo hesabu itakudanganya.

Utando ule mweupe uangalie vizuri siku ukijaribu nyumbani. Sehemu kubwa ya mafuta ya ng'ombe, kama asilimia 40 na zaidi, ni ya aina inayoganda, na hiyo ndiyo inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Ukimwaga mafuta ya kikaangoni umepunguza. Ukiyatumia tena kukaangia vitunguu vya kuweka juu ya baga, umeyarudisha.

Nikifika buchani niombe nyama gani?

Hapa ndipo lishe ya pati inapoamuliwa, kabla hata ya moto kuwashwa. Usiseme tu "nipimie nyama ya kusaga." Sema unataka steki ya paja au ya bega, ione ikiwa nzima, kisha isagwe mbele yako.

Tofauti si ndogo. Gramu 100 za nyama mbichi ya kusaga yenye mafuta asilimia 5 zina kalori 137 na protini gramu 21. Mafuta yakifika asilimia 10, kalori ni 176 na protini gramu 20. Kwenye asilimia 20, kalori 254 na protini 17. Kwenye asilimia 30, kalori 332 na protini zimeshuka hadi 14. Hela ileile, kilo ileile, lakini unanunua mafuta badala ya nyama. Baada ya kuiva tofauti inapungua, kwa kuwa yenye mafuta mengi inamwaga mengi zaidi, ila hapo ujue umelipia kitu kilichoishia kikaangoni.

Ng'ombe wetu wengi wa asili, wale wa nundu wanaochungwa kwenye nyasi za Usangu na kwingineko, hawana mafuta mengi ndani ya nyama. Paja lake ukilisaga peke yake pati inakauka na kumeguka. Mimi naongeza kidari, au kipande kidogo cha nundu, nikikadiria mafuta yote yafike kama asilimia 15. Anayekula kwa ajili ya presha namtengenezea ya paja tupu, na namwambia mapema kwamba itakuwa kavu. Aweke kitunguu kibichi kilichokunwa ndani yake ili kuleta majimaji.

Kwa nini nasisitiza isagwe mbele yako? Mwaka wa kwanza wa kazi yangu nilinunua kilo kumi zilizokwisha kusagwa kwenye bucha moja, alfajiri, kwa haraka, bila kuziangalia. Nilipozikanda nilikuta vipande vya ngozi na utando mgumu, na rangi ilikuwa nyekundu juu tu, ndani kijivu. Nilizitupa zote na oda ya harusi nikaikosa. Tangu siku hiyo sinunui nyama ambayo sikuiona ikiwa kipande.

Baadhi ya watu wanachanganya chenga za mkate, mayai au soya. Ni vibaya?

Si vibaya ukiambiwa. Chenga za mkate zinaongeza wanga na kupunguza nyama. Yai linashikisha na lina protini yake. Soya ina protini nzuri pia, lakini haina B12, na chuma chake mwili unakipokea kwa shida zaidi. Kosa ni kuuza pati nusu mkate kwa bei ya nyama. Ukiibonyeza ikiwa imeiva ikawa laini kama andazi, uliza.

Je, zinaongeza damu?

Bibi mmoja aliyekuja kutoka Tukuyu alisimama dirishani na mjukuu wake mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hizi nyama zenu za duara zinaongeza damu? Huyu kliniki wamesema damu yake ndogo."

Nilimjibu hivi, na ningependa kila mzazi wa nyanda hizi asikie. Chuma kiko cha namna mbili kwenye chakula. Kilichomo kwenye nyama mwili unakinyonya kwa urahisi, kati ya asilimia 15 na 35. Kilichomo kwenye maharage, mchicha na nafaka unanyonya kidogo, kuanzia asilimia 2 hadi 20, kutegemea umekula na nini. Na nyama ina kazi ya pili: ukiila pamoja na maharage, inasaidia mwili kukichukua hata kile chuma cha maharage. Kwa hiyo nyama kidogo ndani ya sufuria ya maharage inafanya kazi kubwa kuliko uzito wake.

Kwa hiyo sikumwuzia bibi yule baga. Nilimpimia robo kilo ya nyama ya kusaga isiyo na chumvi, nikamwambia aigawe sehemu nane, kila siku moja aiivishe hadi ikauke maji, aiponde ndani ya viazi au maharage ya mtoto, na juu yake amwekee nyanya mbichi au kipande cha chungwa. Vitamini C ya matunda inafungua mlango wa chuma. Sehemu za siku mbili za kwanza zikae mahali pa baridi, nyingine zigandishwe. Asiye na friji anunue kidogo kidogo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi ndio ghala la nchi. Mahindi yanatoka kwetu, viazi vya Uporoto vinapakiwa kwenda Dar es Salaam, ndizi na maziwa ya Rungwe, parachichi za Njombe. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ukiwa kama asilimia 57 Iringa, na karibu nusu ya watoto Njombe na Rukwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Sababu za udumavu ni nyingi: magonjwa ya kuhara, maji, uchovu wa mama shambani, umri wa kuanza kulishwa. Nyama peke yake haimalizi. Ila sahani ya mtoto ambayo ni ugali na mboga za majani tu, siku baada ya siku, haina B12 na ina zinki kidogo, na zinki ni ya kukulia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale chakula cha asili ya wanyama kila siku, iwe nyama, samaki au yai. Sikusema baga. Gramu 30 za nyama iliyosagwa laini zinatosha kuanzia.

Na mjamzito? Ale nyama, lakini asiache vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Pati moja ina chuma miligramu 2. Mahitaji yake kwa siku yanafika miligramu 27. Nyama haiwezi kuziba pengo hilo peke yake.

Chai na baga, kuna shida?

Sisi tunalima chai, Rungwe, Mufindi, Njombe, kwa hiyo kuiteta chai si kazi rahisi. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia chuma, hasa kile cha maharage na mboga. Chuma cha nyama hakiathiriki sana. Ushauri wangu ni kuisogeza: kula kwanza, chai ije baada ya saa moja hivi. Kahawa vilevile.

Baga inanenepesha?

Tuhesabu pamoja, maana hapa nyama inabebeshwa dhambi zisizo zake. Pati, kalori 230. Mkate wa baga, kama 160. Kijiko kikubwa cha mayonezi, kama 95. Mpaka hapo ni 485. Sasa weka chipsi gramu 150, karibu 450. Shushia na soda ya chupa ya mililita 350, nyingine 150 hivi, na sukari yake inakaribia vijiko vya chai tisa. Umefika 1,085, yaani karibu nusu ya chakula cha siku nzima kwa watu wengi, na pati ni kama moja ya tano tu ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kupungua asianze kwa kuiondoa nyama. Aondoe soda, anywe maji. Chipsi azigawane na mwenzake. Badala ya mayonezi aponde parachichi: vijiko viwili vikubwa vina kalori chini ya 50 na mafuta yake mengi si ya kuganda. Kisha aombe kachumbari nyingi, kabichi, nyanya, kitunguu, kwa sababu pati haina nyuzinyuzi hata chembe na mkate mweupe una kidogo sana. Parachichi iliyoiva vizuri na chumvi kidogo na ndimu ndani ya baga ya moto, jamani, hiyo ni tamu kuliko mayonezi yoyote niliyowahi kuonja.

Chumvi je?

Nyama yenyewe haina chumvi nyingi. Gramu 100 mbichi zina sodiamu chini ya miligramu 100. Tunaiongeza sisi. Kilo moja inatoa pati nane. Ukitia vijiko viwili vya chai vya chumvi, kama gramu 12, kila pati imebeba gramu 1.5. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote. Ongeza chumvi ya mkate, tomato sosi, chipsi zilizonyunyiziwa tena mezani, kisha vile vidonge vya kuongezea ladha ya mchuzi ambavyo baadhi ya wapishi wanavivunjia ndani ya nyama, na siku yako imekwisha kwenye sahani moja. Mimi natia kijiko kimoja kwa kilo na ladha nyingine natafuta kwenye kitunguu saumu na pilipili manga.

Nina presha, sukari au gauti. Niache kabisa?

Presha: tatizo kubwa ni chumvi, na mafuta yanayofuatia. Sukari: pati haina wanga, angalia mkate, chipsi na soda. Gauti: nyama nyekundu inachangia asidi inayoumiza viungo, kwa hiyo ikibana usile, na ikitulia kula kidogo. Kiasi chako wewe ukipange na daktari wako, si na muuza pati.

Nimesikia nyama nyekundu inaleta saratani.

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Pati ya nyama mbichi na chumvi ya kupikia iko kwenye kundi hili la pili. Ikitiwa dawa za kuhifadhi kama za soseji, inahamia la kwanza.

Wataalamu wa saratani wanashauri nyama nyekundu iliyoiva isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Hizo ni pati nne mpaka sita, na zinahesabiwa pamoja na mishkaki ya Ijumaa na supu ya asubuhi. Halafu usiiache iungue. Ule ukoko mweusi una kemikali zisizofaa, ukiukuta, ukwangue.

Hambaga si nguruwe?

Kwa kuwa mji huu unapenda kitimoto, naelewa wasiwasi. Jina linatokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, halihusiani na nguruwe. Pati ya ng'ombe ni ng'ombe. Lakini kama mashine ya kusagia inasaga vyote viwili, una haki ya kuuliza na kuondoka.

Kuna wanaoichoma ikabaki nyekundu ndani. Ni salama?

Hapana. Kipande kizima cha steki vijidudu vyake viko juu, moto unaviua. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu kinaingia katikati. Mwaka 1993 huko Marekani watoto wanne walikufa na mamia ya watu wakaugua baada ya kula baga zisizoiva zenye bakteria aina ya E. koli. Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi joto 71 katikati. Rangi peke yake inadanganya, nyama nyingine inageuka kahawia kabla ya kufika hapo. Usipokuwa na kipimajoto, ifanye pati nyembamba, unene wa kidole, ikaange pande zote mbili hadi isitoe tena maji mekundu, na upasue moja katikati kabla ya kumpa mtoto. Kuivisha vizuri kunaua pia mabuu ya minyoo aina ya tegu yaliyojificha kwenye nyama. Hata hivyo, nunua yenye mhuri wa mkaguzi wa nyama. Kuna magonjwa kama kimeta ambayo hayamalizwi na kikaango.

Nikichanganya maini?

Wazo zuri, kwa kiasi. Maini yana chuma zaidi ya mara mbili ya nyama ya kawaida, na B12 na vitamini A nyingi sana. Sehemu moja ya maini kwa tano za nyama haibadilishi ladha, hata watoto hawaigundui. Mjamzito ajihadhari, vitamini A ya maini ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nizihifadhi vipi?

Kwenye friji, siku moja au mbili. Kwenye friza, miezi mitatu au minne bila kupoteza ladha; weka karatasi ya nailoni kati ya pati na pati zisigandane. Ziyeyushe ndani ya friji usiku kucha, au zikaange zikiwa zimeganda kwa moto mdogo. Usiziache juu ya meza, hata kwa baridi yetu hii. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friza. Ukirudi ukakuta zingali ngumu katikati na barafu inaonekana, zirudishe. Zikiwa laini na zimepata joto, zitupe, hata kama ulizinunua jana.